Mkao wa Kumi na Tano

1

Ilipofika Jumatano jioni zilikuwa zimebaki nyumba tatu. Alhamisi asubuhi, Yusta Chaula alipofungua ofisi na kuvua koti lililolowa ukungu, ilikuwa imebaki moja.

Ramani ya wilaya ya Ikuvala ilitanda ukuta mzima, na kila nyumba ilikuwa nukta ya taa. Nyumba elfu tatu mia mbili na nne. Nukta ya kijani ilikuwa na maana kwamba kisanduku cha nyumba hiyo kimefika kwenye jibu. Ya kijivu, kwamba njia yake imepotea na kazi imefungwa. Nukta moja tu, juu kabisa katika kijiji cha Unyangala, bado ilikuwa ya njano.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Gaudensi Kihwele, mkurugenzi wa uchukuzi wa wilaya. Alikuwa ameingia bila hodi, viatu vimejaa tope la barabarani.

"Ya Mama Atuganile Mahenge. Mjane mmoja, analima pareto."

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya tisa."

Kihwele alivuta kiti akakaa, akaiangalia ile nukta kama mtu anayemwangalia mgeni asiyetaka kuaga.

Hesabu yenyewe ilihusu Kitanda. Kwenye karatasi za serikali kiliitwa Jukwaa la Kamba Sita, lakini watu wa Ikuvala walikiona kinavyoning'inia juu ya bonde, wakakiita Kitanda, na jina likashika. Nguzo tatu zilisimama ukingo wa huku, tatu ukingo wa kule, na kila nguzo ilikuwa na winchi yake. Mwendeshaji, akiwa jukwaani na fimbo ya winchi, alifupisha kamba hii, akarefusha ile, na jukwaa likavuka bonde na kutua katika kitongoji chochote kati ya tisa vilivyojificha kwenye miteremko. Mwendo wa saa tano kwa miguu ukawa dakika kumi na mbili.

Kasoro ilikuwa moja. Kitu kilichoning'inizwa kwa kamba sita si kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Kwa urefu uleule wa kamba na mzigo uleule, kinaweza kutulia katika mikao zaidi ya mmoja, na upepo au mzigo uliokaa vibaya unaweza kukirusha kutoka mkao mmoja kwenda mwingine kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo ilibidi mikao yote ijulikane, ili mwendeshaji awe na jedwali la kumwonyesha mahali pa kukaa mbali napo. Mikao yote. Iliyo mingi haikutosha, wala karibu yote.

Mikao hiyo ilikuwa majibu ya mfumo wa milinganyo. Yusta aliwahi kuieleza kazi hiyo kwenye mkutano wa hadhara, akiwa na gunia la viazi mbele yake. Kila mlinganyo, alisema, una vipeo vyake, zile namba ndogo za juu. Vichukue vipeo hivyo uvipange kama viazi hewani, kisha uvifunge kwa gunia la kubana. Vile vya nje vitachomoza, gunia litafanya pembe na kuta bapa. Kila mlinganyo una gunia lake lenye umbo lake. Ukiyaunganisha maumbo hayo na kupima ujazo yanaoufanya kwa pamoja, unajua, kabla hujakokotoa jibu hata moja, kwamba majibu hayawezi kuzidi idadi fulani. Kwa Kitanda idadi hiyo ilikuwa elfu tatu mia mbili na nne.

"Halafu?" mzee mmoja aliuliza siku ile.

"Halafu tunatengeneza mfumo mwingine, mwepesi, wenye magunia yaleyale, ambao majibu yake yote tunayajua. Tunaugeuza polepole mpaka uwe ule mgumu. Ukiugeuza, kila jibu linatembea. Kazi yetu ni kulifuata hatua kwa hatua mpaka lifike. Na hizo njia hazisubiriani wala haziulizani. Kila moja inaweza kwenda peke yake."

Hapo ndipo watu walipoelewa, maana ilikuwa kazi ya msaragambo, ya kijiji kizima kwa pamoja. Kila nyumba Ikuvala ilikuwa na kisanduku cha hesabu kilichokaa bure saa nyingi za siku. Kila nyumba ikapewa njia moja. Mashine moja ingetumia miaka. Wilaya nzima ilitumia kama wiki moja. Watoto walikimbizana mlango hadi mlango wakiulizana, "Yenu imefika?" na nyumba ambayo taa yake ilikuwa kijani ilijiona imemaliza kulima sehemu yake ya barabara.

Njia nyingine hazikufika. Zilikimbia nje, namba zake zikikua bila kikomo, na hizo ziliandikwa kuwa zimepotea. Hakukuwa na ubaya. Milinganyo ndivyo ilivyo. Kwa zilizofika, nyingi zilileta majibu ya namba zisizo na mahali pa kusimama duniani. Yaliyobaki, yale ambayo kamba na mbao zingeweza kuyafanya kweli, yalikuwa kumi na manne.

Ugumu ulikuwa mmoja: kuitofautisha njia inayokimbia moja kwa moja na ile iliyokwenda mbali tu na itarudi.

"Nipe siku nne," Yusta alimwambia Kihwele.

"Na kama siku nne zikiisha na bado ni njano?"

Yusta aligeukia ramani.

"Mwezi uliopita," Kihwele alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "yule binti wa Ludilu alifia kwenye machela, pale kivukoni. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Wanaume sita walimbeba, mvua inawanyeshea, mto umejaa, wakasimama wanausubiri upungue. Wewe ulikwenda msibani. Mimi pia. Mvua kubwa zinaanza Jumatatu. Kitanda kiko tayari, kamba zimepimwa, waendeshaji wamefundishwa. Nakuuliza kama mtaalamu: hiyo njia inarudi au imepotea?"

Yusta alitazama namba ya mwisho iliyoletwa na kile kisanduku. Ilikuwa na tarakimu kumi na mbili. Hakuwahi kuona njia iliyofika huko ikarudi.

"Inaelekea imepotea," alisema.

Kihwele alipoondoka, Yusta alipiga simu Unyangala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Huko kwenu ukungu umefunguka?"

"Bado, mama. Nimekupigia kwa ajili ya kile kisanduku. Unaweza kukizima sasa."

"Nikizime? Mbona hakijafika?"

"Namba zake zimekuwa kubwa mno. Njia yake imepotea."

Kuku walisikika nyuma ya sauti ya mama, na mtu anayepasua kuni.

"Mwanangu, mimi hesabu sizijui," Mama Atuganile alisema taratibu. "Lakini siku zote hizi kilikuwa kinavuma kama nyuki waliochokozwa, mpaka nikakitoa chumbani nisije nikaugua kichwa. Tangu jana asubuhi kimetulia. Kinapumua polepole. Mimi nilidhani kinarudi."

Ingetosha kuitafuta namba ya jana na kuilinganisha na ya leo. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Yusta aliikumbuka dakika hiyo maisha yake yote, jinsi ilivyokuwa wazi mbele yake, na jinsi alivyokuwa na hotuba ya mkurugenzi ya kuisahihisha, na simu nyingine mbili zikimsubiri.

"Kizime tu, mama. Tunakushukuru kwa msaragambo."

"Haya. Ninyi ndio mnaojua."

Nukta ikawa ya kijivu. Yusta aliandika chini ya ripoti: *Mikao kumi na minne. Orodha imekamilika.* Akatia sahihi.

2

Miezi minne Kitanda kilikwenda vizuri kiasi kwamba watu walisahau maisha ya kabla yake. Wajawazito kumi na saba walivushwa kwenda hospitali na kurudi na watoto. Viazi vilifika mnadani vikiwa na udongo mbichi. Vijana waliokuwa wabeba machela wakabaki bila kazi hiyo na hakuna aliyewasikitikia, wala wao wenyewe hawakujisikitikia.

Mmoja wao alikuwa Aidan Tweve. Alikuwa amebeba machela miaka kumi, na alikuwa miongoni mwa wale sita waliosimama kivukoni na yule binti. Kitanda kilipokuja, aliomba mafunzo ya uendeshaji, akafaulu kuliko wote. Jedwali la mikao alilivika nailoni akalifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Abiria walimtania kwamba hata Biblia haibebi hivyo. Alikuwa akigoma kuondoka mpaka kila gunia likae alipotaka, na mtu aliyemharakisha alijibiwa, "Subiri, ndugu yangu. Haraka yako naijua, lakini na mimi nina jedwali langu."

Tarehe ishirini na mbili Juni, saa tatu asubuhi, Kitanda kilikuwa katikati ya bonde na watu kumi na mmoja na magunia tisa ya viazi vya mbegu. Upepo wa baridi ulitokea kusini. Haukuwa mkali kupita uliowahi kuvuma. Kitanda kilitikisika, kikainuka upande mmoja, kikageuka.

Watu watatu walikufa. Nesi wa zahanati ya Ludilu. Mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda kumtazama mjukuu. Na Enea Luvanda, mkulima wa miaka thelathini na mitano, aliyeshikilia ukingo mpaka vidole vikachoka. Wengine walijifunga kwa mikanda na kwa nyavu za mizigo. Aidan aliwashusha mmoja mmoja kwa kuizungusha winchi ya dharura kwa mkono, na mkono wake wa kushoto ukanaswa kwenye gia. Madaktari waliukata juu ya kifundo.

Kamati ilimhoji hospitalini, na baadaye kwenye ukumbi wa wilaya. Kila mara alisema vilevile.

"Sikugusa kamba ya nne. Nilikuwa ndani ya jedwali. Upepo ulikuja, kikageuka ubavu, kamba ya nne ikawa kama utepe, haina mvuto. Halafu kikatulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Hakikurudi, hakikuanguka. Kilitulia wima, kama mlango."

"Bwana Tweve," mwenyekiti wa kamati alisema, "jukwaa hili lina mikao kumi na minne. Wananchi wa wilaya nzima waliitafuta, nyumba kwa nyumba. Huo wa wima, kama mlango, haumo."

"Niliuona."

"Jukwaa haliwezi kutulia katika mkao ambao haupo. Kwa hiyo kuna kitu kililishikilia hapo. Kamba ya nne ililegezwa na mtu. Nani alikuwa na fimbo ya winchi?"

Aidan aliutazama mkono wake uliobaki. Kisha akasema, "Mimi."

Yusta alikuwa ameketi upande wa wataalamu. Tangu asikie neno *mlango* alikuwa anaikumbuka ile nukta ya njano ya Unyangala. Mwenyekiti alimgeukia.

"Mtaalamu Chaula. Kuna mkao wa namna hiyo?"

"Kwenye orodha haumo," Yusta alijibu.

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

3

Kesho yake Yusta alipanda Kitanda? Hapana, kilikuwa kimefungwa kwa uchunguzi. Alitembea. Alifika Unyangala saa nane mchana, akamkuta Mama Atuganile anaanika maua ya pareto kwenye mkeka.

Kisanduku kilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mama alikuwa amekizima siku ileile alipoambiwa, na hakuna aliyekigusa tangu hapo. Lakini vile visanduku viliwekewa kumbukumbu: njia iliyokatwa katikati ilihifadhi hatua zake zote hadi ya mwisho.

Yusta alizitazama namba za siku ya tisa na za siku ya nane. Za siku ya tisa zilikuwa kubwa. Za siku ya nane zilikuwa kubwa zaidi.

Njia ilikuwa tayari imegeuka. Ilikuwa inarudi nyumbani tangu jana yake, kama mama alivyosema.

Alikiwasha. Alilala hapo siku hiyo na siku ya pili, akimsaidia mama kuanika na kuanua, maana hakuweza kukaa na kutazama taa. Siku ya tatu saa nne asubuhi taa ikawa kijani. Yusta alikaa mezani akachora kile namba zilichosema: jukwaa limesimama wima, ubavu mmoja umeelekea chini, kamba ya nne karibu haina mvuto kabisa, na tano nyingine zimekaza. Mkao thabiti. Upepo ungeweza kukisukuma Kitanda hapo kutoka mahali ambapo jedwali liliandika *salama*.

Mama Atuganile alisimama nyuma yake akaitazama picha.

"Ndio huo uliowaua?"

"Ndio, mama."

"Basi nilikizima mimi."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Uliniambia, kweli," mama alisema, akikikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne. "Lakini nilikuwa nakisikia kwa masikio yangu kwamba kinarudi. Na mkono uliozima ni wangu."

Yusta alisema maneno mengi ya kumtoa hatia. Mama aliyasikiliza yote kwa heshima, na hakuna hata moja lililoingia.

4

Kihwele alisoma karatasi mara mbili. Alikuwa mtu mwaminifu. Uso ulimshuka, akavua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama wa Unyangala."

"Sikiliza, Yusta. Jedwali litarekebishwa lini?"

"Siku tatu. Ukiujua mkao huo, kuukwepa ni rahisi. Unapunguza mwendo upande wa kusini na kubadilisha mpangilio wa mizigo."

"Basi rekebisha. Kitanda kitakuwa salama kuliko kilivyowahi kuwa. Sasa fikiria upande wa pili. Ukisimama leo ukasema orodha ilikuwa na pengo, watu watavitoa visanduku nje. Msaragambo utakufa. Serikali itakifunga Kitanda mwaka, miaka miwili. Na wakati huo watu watabebwa kwa machela. Wewe unajua machela ni nini."

"Na Aidan?"

"Aidan hatashtakiwa. Nimeshazungumza. Ataachishwa kazi, atapata matibabu, nitamtafutia nafasi ghalani. Nipe muda tu. Jedwali kwanza."

Jedwali kwanza, Yusta alikubali. Neno hilo lilikuwa na akili ndani yake. Siku tatu zikapita, jedwali likakamilika, waendeshaji wakafundishwa kwa maelezo kwamba ni *maboresho ya kawaida*. Kitanda kikarudi hewani. Siku ya tano kilimvusha mama mwenye mapacha. Yusta aliliona jambo hilo kwenye taarifa ya asubuhi, akajiambia: haya, ngoja kidogo. Siku ya nane alianza kuandika barua, akaiacha kwenye aya ya pili kwa sababu alitaka kuieleza vizuri hesabu yenyewe, isije ikaeleweka vibaya. Siku ya kumi na mbili Kihwele alikuwa safarini. Siku ya kumi na tano ilikuwa Jumapili. Hakuna siku hata moja aliyoamua kunyamaza. Kila siku aliamua kusema kesho.

Siku ya kumi na nane, karani wa ofisi alileta chai na habari.

"Umesikia kuhusu Tweve? Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba aliilegeza kamba. Jana amezunguka na wazee nyumba zote tatu za wafiwa. Amepiga magoti. Wanasema alilia mpaka wenye msiba ndio wakaanza kumbembeleza." Karani aliweka kikombe mezani. "Afadhali, maskini. Sasa atapumzika."

5

Alimkuta Aidan nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, kiazi amekibana kati ya magoti, anakimenya kwa mkono mmoja. Mkewe, Tuzo, alimkaribisha Yusta kwa kiti cha plastiki, akabaki amesimama mlangoni. Hakukuwa na namna nzuri ya kusema, kwa hiyo Yusta alisema yote kwa mpigo: njia iliyobaki siku ya tisa, simu, kisanduku, picha. Aliitoa picha akaiweka juu ya kapu la viazi.

Aidan aliitazama kwa muda mrefu. Kisu hakikuondoka mkononi.

"Kama mlango," alisema mwishowe.

"Kama mlango. Ulichokiona ulikiona, kaka Aidan. Hukufanya kosa lolote."

Tuzo aliziba mdomo kwa khanga. Yusta alidhani Aidan atalia, au atashukuru. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Lakini uso wa Aidan ulikuwa mgumu.

"Unajua kilichonitokea?" alisema. "Mwanzo nilikuwa na uhakika. Nikasema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Kila mtu mwenye elimu ananiambia haiwezekani. Wewe mwenyewe ulikaa pale ukasema haumo. Nikaanza kujiuliza. Nikawa nakaa hapa naikumbuka ile asubuhi, naikumbuka, naikumbuka. Halafu siku moja nikauona mkono wangu unaivuta ile fimbo. Nauona, dada Yusta. Huu mkono ambao haupo. Naisikia baridi ya chuma." Alikigusa kigutu kilichofungwa bandeji. "Nikasema, kumbe ni mimi. Na nikapata nafuu, maana angalau nilijua. Nikaenda nikaomba msamaha."

"Haikuwa kweli."

"Wewe unasema haikuwa kweli. Juzi mlisema ni kweli. Hiyo kumbukumbu ya mkono sasa niipeleke wapi? Ipo. Usiku inakuja, mchana inakuja. Picha yako haiwezi kuiondoa."

"Nisamehe."

"Uliijua lini?"

Yusta alimwambia.

Aidan alirudia kumenya kiazi. Ganda lilitoka refu, moja, bila kukatika.

"Ungekuja siku ile ya kwanza," alisema, "ningekukumbatia. Haki ya Mungu ningekukumbatia, na kosa lako lote. Leo sijui nikufanye nini. Nenda kawaambie wengine. Mimi siendi tena kwenye zile nyumba."

6

Alisema kwenye uwanja wa shule, mbele ya kamati na watu waliojaa mpaka barabarani. Hakueleza magunia ya vipeo wala ujazo. Alisema: kulikuwa na njia moja haijafika, nikaikata, nikaandika kwamba orodha imekamilika, Aidan Tweve alisema kweli, na mimi nilikuwa najua anasema kweli. Kihwele, aliyekuwa mstari wa mbele, hakukana. Alisimama akasema na yeye alijua. Wote wawili waliacha kazi wiki hiyo.

Kihwele alikuwa amekosea jambo moja tu kati ya aliyoyatabiri: Kitanda kilifungwa miezi mitano, si mwaka. Mengine yalitokea. Watu walivitoa visanduku nje ya milango, vikanyeshewa. Mama Atuganile peke yake, katika kijiji kizima cha Unyangala, alikiacha chake juu ya kabati. Machela zilirudi. Mwezi wa pili wa kufungwa huko mtoto mmoja wa Ludilu alikufa njiani kwa nimonia, na mama yake hakutaka kuambiwa habari ya ukweli.

Aidan alisafishwa jina kwa barua yenye muhuri. Hakurudi kwenye winchi.

Yusta alikwenda kwa wafiwa, nyumba moja baada ya nyingine, kwa miguu. Nyumba ya nesi walimpokea na kumwombea. Nyumba ya mwalimu walimwambia hawana la kusema naye, na akashukuru kwa ufupi huo. Ya mwisho ilikuwa ya Lustika, mjane wa Enea Luvanda, kitongoji cha mwisho kabisa upande wa ng'ambo. Lustika alimtandikia mkeka sebuleni, na yeye mwenyewe akakaa mkabala naye, mtoto wa mgongoni amelala.

Alimwacha aseme mpaka mwisho.

"Hiyo njia uliyoikata sikuulizi," Lustika alisema. "Mtu hukosea. Tena ulikuwa na haraka ya watu wasife kivukoni, na hata mimi huyu mtoto nilimzaa baada ya kuvushwa na hichohicho Kitanda. Enea alikuwa anakisifu kila siku. Nakuuliza baada ya kujua. Ulikaa siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kwa hiyo Aidan alipopiga magoti hapo, hapo ulipokaa wewe, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Lustika alitikisa kichwa polepole. Mtoto alijinyoosha mgongoni, akambembeleza kwa kiganja mpaka akatulia.

"Nilikaa na hasira wiki nne," alisema. "Nilikuwa siwezi kula. Alipokuja akalia, niliitoa yote, nikamwambia nimekusamehe, na nilikuwa nasema kweli. Mama mkwe wangu aliniuliza umeweza vipi, nikamwambia sijui. Ilinichukua nguvu zangu zote." Aliinua macho akamtazama Yusta, bila chuki. "Msamaha niliokuwa nao nilimpa Aidan, dada. Mwingine bado sijaupata. Ukija mwakani, uliza."

"Nitakuja."

"Haya."

Alimpa maji ya kunywa, maana jua lilikuwa limetoka na mtu hawezi kufukuzwa bila maji. Yusta alikunywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaaga. Kutoka kitongoji kile hadi upande wa pili wa bonde, kwa mtu anayeshuka kwa miguu, ni saa tano.